Tisa-Tatu, Dume na Jike

Kwenye matanga ya Papa Kubuya, kabla ya maziko, nilichagua kiti kilicho karibu na mlango, mahali ambapo mtu anaweza kuondoka bila kuaga. Nilikuwa nimetoka Sake asubuhi na mapema, nikapita milima ya Masisi bila kushuka garini hata kunyoosha miguu, na njia nzima, mpaka tulipoingia msitu wa Walikale, nilibadili nia mara nne: nitasema, sitasema, nitamwambia mjane peke yake, nitarudi na gari hilihili. Mvua ilipiga bati. Chumba kilinuka mawese na makoti yaliyolowa. Wazee watatu waliokuwa wapiga bunduki zamani walikuwa wamekaa kwenye benchi moja, wameegemea ukuta, na aliyekuwa katikati alikuwa Papa Gaspari wa Muheto, amebakiwa na meno mawili na maneno yote. "Tembo haina kosa," alikuwa anasema. "Mi nasemaka siku zote. Tisa-tatu njo ilimuvunja ule muntu. Ile risasi ni ya kupigia kanga." Mwenzake alimgusa goti: "Gaspari, acha, iko matanga." Naye akajibu, "Matanga njo fasi ya kusema kweli. Marehemu hawezi kunibishia." Watu wakacheka kidogo, jinsi watu wanavyocheka msibani, mkono ukiwa mdomoni. Mimi nilishika kikombe cha chai na sikuweza kukipeleka mdomoni wala kukiweka chini.

Mtu asiyejua mambo hayo atashangaa kwamba wazee wanaweza kumzika mwenzao huku wakiitukana risasi. Lakini wapiga bunduki wa nchi ile, miaka ile, waligawanyika juu ya risasi kama watu wanavyogawanyika juu ya kanisa. Tisa-tatu ilikuwa risasi ya bunduki ambayo wazungu wengi wa mashamba walikuwa nayo, na serikali pia iliwapa wapiga bunduki wake weusi wachache, ili wafukuze tembo na nyati katika mashamba ya watu. Upana wake ulikuwa milimita tisa nukta tatu, ndiyo jina. Waliokuwa nayo waliipenda kwa sababu haikuvunja bega la mpigaji na haikukwama mvuani. Waliokuwa na zile kubwa zaidi waliicheka. Papa Gaspari, mpiga bunduki wa shamba la mzungu mmoja kule Muheto, alikuwa na ile tunayoiita Kumi, nene, na alikuwa akiiweka mezani karibu na tisa-tatu kama mtu anayeweka mtoto wake karibu na mtoto wa jirani. "Ona," angesema. "Hii iko muntu muzima." Papa Kubuya angeiangalia kwa upole na kusema, "Iko nene kama mupishi wa Padri. Lakini mupishi haingiaka fasi yote."

Mwaka ninaousema ni wa hamsini na nne. Nilikuwa na miaka ishirini na diploma ya kilimo ndani ya bahasha, na bahasha hiyo niliichukua kila mahali, hata shambani, kwa hofu kwamba panya wangeila nikiiacha. Watu waliniita Diplome. Nilipewa mwaka mmoja wa kujaribiwa upande wa Walikale, chini ya Mbelgiji tuliyemwita Bwana Agronomo, na mwisho wa mwaka yeye angeandika mstari mmoja juu yangu: anafaa, au hafai. Niliufikiria mstari huo asubuhi na jioni. Nilifikiria kama nilimsalimu mapema mno. Nilifikiria kama nilicheka mahali ambapo yeye hakutaka mtu acheke. Usiulize kama niliona uzuri wa msitu mwaka ule. Niliona uso wa Bwana Agronomo tu, na nikausoma kama barua iliyoandikwa kwa wino hafifu.

Posti ya serikali haikuwa na nyumba ya kunitosha, kwa hiyo nililala kwa Papa Kubuya, mpiga bunduki wa serikali, katika chumba kilichokuwa ghala la mpunga. Ukuta ulikuwa wa matete na udongo, na maneno yote ya sebuleni yalipita. Mke wake, Mama Vumilia, alitupikia sombe, majani ya muhogo yenye mawese mengi, na ndizi za kuchoma, na siku ya Mungu baada ya misa alipika wali na samaki mkavu, kwa sababu ndiyo siku wapiga bunduki walipokuja. Papa Gaspari alishuka toka Muheto kila bwana wake alipokuja kuwinda nyati, na alileta viazi na jibini ya milimani kama zawadi, kisha akaharibu zawadi hiyo kwa maneno. Mimi nilikula nikiwa nimeinamisha kichwa na nikasikiliza. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba risasi ina jinsia. Ile iliyofunikwa kwa shaba mpaka kwenye ncha, ngumu, inayopita mfupa bila kubadilika, waliiita dume. Ile ambayo ncha yake imeachwa wazi ili ipasuke ndani ya nyama, laini, waliiita jike, kwa sababu, walisema, ikiingia inazaa. Jike ni ya swala na chui. Kwa tembo ni dume tu. Jike kichwani mwa tembo, alisema Papa Kubuya, ni kumrushia Padri embe bovu: utamuchafua tu, kiisha atageuka akuone.

Alikuwa mtu mfupi, mpole, na alikuwa na ukucha mmoja mrefu, wa kidole gumba cha kulia. Hakuukata. Alikwaruza nao kila kitu kabla ya kukiamini: muhogo, chumvi ya duka, mpini wa shoka jipya, hata sabuni. Mtu akimletea mbao, hakuuliza ni mti gani, alikwaruza. Nilimuuliza siku moja, kwa adabu lakini na kiburi kidogo cha shuleni, kwa nini asikate ukucha ule, maana unabeba uchafu. "Jicho iko inadanganywa na jua," alisema. "Sikio inadanganywa na bantu. Ukucha, weye umeona ukucha inadanganywa?" Mama Vumilia alisema toka jikoni, "Alinikwaruza na miye mbele ya kulipa mahari," na wote wakacheka, na mimi nikaenda chumbani nikakata kucha zangu fupi kuliko kawaida.

Risasi zilifika katika msimu wa mvua. Maboksi ya karatasi yalikuwa yamelowa njiani na yalikuwa yanaachana mkononi, na Bwana Agronomo, ambaye hakupenda kazi za stoo, aliniambia: "Wewe unajua kusoma. Zitenganishe, uzitie kwenye makopo, uandike." Nilifurahi mno, nilihisi mstari wangu unaanza kuandikwa. Kulikuwa na maboksi ya aina mbili. Moja liliandikwa kwa Kifaransa: demi-blindée. Jingine, la zamani kuliko vita, liliandikwa kwa Kijerumani: Vollmantel. Mtu mwingine angetoka mlangoni na kumwita Papa Kubuya, aliyekuwa anakata kuni hatua thelathini kutoka pale. Mimi nilikaa na kufikiri. Blindée nililijua: ni gari la vita lililofunikwa kwa chuma, basi hiyo ni ngumu. Lile neno demi lilinisumbua, lakini nilihesabu nikakuta boksi hilo lina risasi kumi, na jingine lina ishirini, nikasema, aha, demi ni nusu boksi. Kisha mantel. Nilijua manteau, koti. Koti ni kitu laini. Nikatazama ncha zenyewe, maana sikuwa mzembe, nataka mjue sikuwa mzembe: za Kifaransa zilikuwa na ncha ya kijivu, nikasema ni chuma; za Kijerumani zilikuwa zinang'aa zote kama kengele ndogo, nikasema hizi ni za urembo. Maneno ya mezani juu ya shaba na ncha sikuyakumbuka hata; kila sababu yangu iliunga mkono nyingine. Nilizitia za kijivu katika kopo moja, nikaandika kwa rangi nyeupe D, dume. Zinazong'aa nikaziandikia J. Sikuigusa ncha hata moja. Nilikuwa nimevaa shati jeupe.

Wiki chache baadaye tembo watatu waliingia katika mashamba ya kijiji kimoja kilichokuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu. Tulikwenda, Papa Kubuya na bunduki, mimi na kopo la D nimelifunga ndani ya kitambaa, na wachukuzi wawili. Kopo la J lilibaki posti. Tulikuta migomba imelazwa chini kama watu waliochoka, na wanawake wamesimama pembeni hawasemi. Mama mmoja alinionyesha shimo ambapo muhogo wake ulikuwa, akasema tu, "Papa, tutakula nini?", mimi ambaye ningeweza kuwa mwanawe wa mwisho, na aliniita Papa kwa sababu ya shati. Bwana Agronomo alifika asubuhi iliyofuata kwa kiti cha kubebwa, na mwenye kijiji akakusanya watu wote wamwone. Tembo walikuwa bado ndani, upande wa mto. Tulisikia matawi yakivunjika. Nilimpa Papa Kubuya kopo mbele ya watu wote. Alitugeuzia mgongo, akalifungua, akainamia kilichomo. Nilidhani anasali. Kisha akageuka nusu na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Diplome. Hii ni dume?"

Bwana Agronomo alikuwa anatuangalia. Mwenye kijiji alikuwa anatuangalia. Nilihisi bahasha kifuani. Nikasema, kwa nguvu zaidi kuliko nilivyotaka, "Imeandikwa, Papa."

"Iko imeandikwa," alirudia. Aliniangalia kitambo kirefu, si kwa hasira. Alitia moja katika mfuko wa shati, akajaza bunduki kwa nyingine, akaenda. Tangu siku ile nimelipindua lile tazamo mara nyingi kuliko nilivyowahi kupindua ukurasa wa kitabu chochote.

Tulisikia mlio mmoja. Kisha kimya. Kisha miwili ya haraka, na sauti ya tembo ambayo sitaieleza. Wachukuzi walimleta Papa Kubuya kwenye machela ya matawi, nyonga imevunjika, mdomo mweupe kama unga. Walisema alizunguka sana akitafuta ubavu, jambo ambalo hakuzoea, maana siku zote alipiga kichwa. Alipata ubavu, akapiga. Tembo akageuka akaja uso kwa uso, na zile mbili za kichwa hazikufanya kitu. Tembo alimpitia. Watu wa kijiji walimkuta yule tembo amekufa mtoni baada ya siku kadhaa, wakala nyama, na wale wengine wawili hawakurudi. Mashamba yaliyobaki yalipona. Nalisema hilo kwa sababu kwa muda mrefu nililitumia kulala usingizi.

Niliporudi posti niliingia stoo, nikachukua risasi moja katika kopo la J, ile ya urembo, nikaikwaruza kwa ukucha wangu uliokuwa mfupi. Ukucha uliteleza. Nilitafuta ya D iliyobaki, nikakwaruza ncha ya kijivu, na ukucha ukazama kama kwenye mshumaa. Ilikuwa madini ya risasi matupu, laini: jike. Nilikaa sakafuni. Hapakuhitajika kufikiri zaidi, na huenda ndiyo mara pekee mwaka ule ambapo nilijua jambo bila kulifikiri.

Bwana Agronomo aliita wapiga bunduki watoe maoni. Walikaa katika ofisi yake, kofia magotini, na Papa Gaspari akasema yale aliyokuwa akiyasema kila siku ya Mungu: tisa-tatu ni ndogo, tembo anaijua, anaicheka. Wengine waliitika. Hakuna aliyeomba kuona kopo. Mimi nilikuwa naandika. Bwana Agronomo alikwenda mpaka hospitali ya misioni kumuuliza mgonjwa mwenyewe, nami nikasimama nyuma yake na kalamu. Papa Kubuya alisema, macho yake darini: "Risasi ilikuwa ile nilipewa." Basi. Hakuongeza. Nilitafsiri kwa Kifaransa neno kwa neno, kisha jioni nikaandika ripoti: risasi ya tisa-tatu haitoshi kwa tembo. Ripoti ilipita. Bunduki za tisa-tatu zilichukuliwa toka kwa wapiga bunduki wa serikali katika eneo letu, na Papa Kubuya, ambaye tangu hapo alitembea kama mtu anayepanda ngazi isiyokuwepo, alirudi kulima mpunga. Mwisho wa mwaka mstari wangu uliandikwa: anafaa, ni mwangalifu.

Nilihamishwa, nikapanda cheo, nikazeeka. Sikurudi. Nilituma blanketi, nilituma chumvi, nilituma dawa za nyonga kupitia watu, na kila mara jibu lilikuwa lilelile: "Muambieni nimepata." Nililipima jibu hilo kama nilivyolipima lile tazamo. Nimepata: ameshukuru? Nimepata: anajua, na ananiambia anajua? Kuna usiku nilimchukia kwa sababu hakunishitaki.

Sasa kwenye matanga, Papa Gaspari akaanza tena, akamwelekea kijana mmoja asiyejua habari, akipima kwa vidole udogo wa tisa-tatu. Nilisimama. Chai ilimwagika kwenye suruali. Nikasema kwamba haikuwa tisa-tatu. Kwamba tisa-tatu dume ingeua. Kwamba mimi, kwa mkono huu, niliandika dume juu ya jike, kisha nikaandika ripoti nikijua. Nilisema yote bila kupumua, kwa Kiswahili cha ofisini, na nilipomaliza mvua ilikuwa bado inapiga bati na hakuna kilichoanguka.

Papa Gaspari alinitazama, meno yake mawili yakiwa nje. "Diplome," akasema. "Weye njo Diplome? Umenona." Kisha akatikisa kichwa. "Sikia, kaka. Mi niko muzee sana. Ile maneno ya tisa-tatu nimezeeka nayo. Batoto yangu banaijua, bajukuu banaijua. Sasa unataka niiweke wapi?"

"Iko kweli lakini, Papa," nikasema.

"Kweli! Basi nikuulize. Kubuya alikuwa anakwaruza chumvi. Alikuwa anakwaruza sabuni. Padri akimupa hostia, miye nilikuwa nasema huyu atakwaruza hostia. Na ile siku ya tembo hakukwaruza risasi? Ule muntu? Wee, wacha." Akageukia wenzake. "Ilikuwa dume. Ilishindwa tu."

Watu waliguna wakikubaliana naye. Miaka yote nilikuwa nimejiuliza juu ya tazamo lake, na juu ya maneno yake ya hospitali, na sikuwahi kujiuliza juu ya ukucha. Nilitoka nje kwa mlango ule niliouchagua, na Mama Vumilia, amefungwa kitambaa cha msiba kichwani, akaniita toka jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kibao, karibu na sufuria la maharagi. Alinionyesha kibao kingine.

"Nimesikia," alisema. "Gaspari iko bado na kichwa ya mbuzi. Kaa."

Alifungua pindo la kitenge, akafungua kitambaa kilichofungwa ndani yake, akanitilia mkononi risasi moja. Ilikuwa nyepesi. "Baruti yake aliitosha, aliimwaga yote zamani, usiogope. Ilikuwa mu shati yake ile siku. Nilitaka kuitupa mu mto. Alikatala. Alisema iko ya Diplome, akikuja, umupe. Asipokuja, unizike nayo. Jana tulitaka kumufungia sanduku, nikasema, tungoje kesho, pengine utafika."

"Mama, alijua?"

Alikoroga maharagi kwanza. "Na miye nilimuuliza. Si mara moja. Nilikuwa na hasira na weye, nisikufiche. Alisema zile zingine zilikuwa mbali, mwendo wa siku, na mashamba ilikuwa inaisha. Kiisha alisema, 'Mutoto alikuwa anatetemeka mbele ya Muzungu.' Njo hivi tu. Alikuwa muntu wa maneno kidogo, unamujua."

Nilisogea mlangoni palipokuwa na mwanga. Shaba ya ganda ilikuwa imegeuka nyeusi, lakini ncha ilikuwa bado ya kijivu, na katikati ya ncha kulikuwa na mfereji mmoja, wa kina, ulionyooka, umepindwa kidogo mwishoni pale kidole kilipoinuliwa. Niliweka ukucha wangu ndani yake. Haukujaa, ule wa Papa Kubuya ulikuwa mpana zaidi. Nilikuwa nimemwambia mbele ya watu wote kwamba imeandikwa. Kabla sijafungua mdomo, akiwa ametugeuzia mgongo, na yeye alikuwa ameandika.